FujiGen, Matsumoku, Tokai au Yamaha: gitaa kuukuu la Kijapani, uchukue la kiwanda gani?

Ibanez ya 1978 na Greco ya 1978 zilitoka kiwanda kimoja, mjini Matsumoto. Aria Pro II, Westone na Epiphone nyingi za enzi hiyo zilitoka kiwanda kingine cha mji huohuo. Kwa hiyo anayelinganisha majina yaliyo kichwani mwa gitaa analinganisha kampuni za biashara, na mara nyingine analinganisha kitu na kitu hichohicho. Ukitafuta gitaa la umeme la Kijapani la kati ya 1970 na 1987, anza na kiwanda, fuata na mwaka, kisha angalia daraja ambalo kiwanda chenyewe kililipangia. Jina liwe la mwisho.

Viwanda vinne ndivyo utakavyokutana navyo zaidi sokoni. FujiGen na Matsumoku vilikuwa Matsumoto, mkoa wa Nagano, mji wa milimani wenye kazi ya mbao ya siku nyingi. Tokai na Yamaha ni wa Hamamatsu, mkoa wa Shizuoka, mji ambako Suzuki na Honda nazo zilianzia. Yamaha ya magitaa na Yamaha ya pikipiki ni za ukoo mmoja: kampuni ya pikipiki ilitengwa na ile ya ala za muziki mwaka 1955, na ndiyo maana zote mbili zina nembo ya fimbo tatu za kutunia sauti.

Mwenye jina na mwenye kiwanda

Hoshino Gakki wa Nagoya, wenye jina la Ibanez, ni mfano mzuri. Walianza 1908 kama kitengo cha ala za muziki cha duka la vitabu. Mwaka 1929 wakaanza kuagiza Hispania magitaa ya Salvador Ibáñez wa Valencia, kisha wakalichukua jina hilo, na tangu 1935 wakawa wanatengeneza ya kwao. Kati ya 1962 na 1966 walikuwa na kiwanda chao kilichoitwa Tama, wakaacha kuchonga magitaa humo na kuwapa kazi wengine, hasa FujiGen. Jina la Tama likabaki kwenye ngoma zao hadi leo. Kanda Shokai wa Tokyo, wenye Greco, nao waliagiza kwa FujiGen. Arai wa Nagoya, wenye Aria, waliagiza kwa Matsumoku. Ni Tokai na Yamaha tu, kati ya hawa, waliochonga wenyewe na kuuza kwa jina lao wenyewe kama desturi.

Wauzaji wengi hubandika kila gitaa la Kijapani la miaka ya 1970 sifa ya kuwa “la ile kesi” ili bei ipande. Ukweli ni mdogo kuliko uvumi. Juni 1977 Norlin, kampuni iliyomiliki Gibson, iliishtaki Elger, msambazaji wa Hoshino huko Pennsylvania, kwa sababu ya umbo la kichwa cha gitaa. Ibanez walikuwa wameshabadilisha kichwa hicho mwaka mmoja nyuma, na pande mbili zikamalizana nje ya mahakama mwaka 1978. Tokai hawakuwamo, Matsumoku hawakuwamo. Usilipe hata senti ya ziada kwa hadithi hiyo.

FujiGen: mwaka ndio kila kitu

FujiGen ilianzishwa 1960 na Yutaka Mimura na Yuichiro Yokouchi. Walianza na magitaa ya nyuzi za nailoni, na kufika 1962 walikuwa wameingia kwenye ya umeme. Hakuna kiwanda kati ya hivi vinne kilichobadilika sana ndani ya miaka michache kama hiki, na hapo ndipo mnunuzi anapoumia au kufaidi.

Nakala zao za Les Paul (gitaa maarufu la Gibson) za mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa mfano Ibanez 2350, zina shingo iliyofungwa kwa skrubu, na sehemu ya juu ya mwili ni plaiwudi iliyokandamizwa kwenye kalibu, chini yake kukiwa na uwazi. Kwa macho huoni kitu. Fungua skrubu nne za fremu ya pikapu (ile sumaku yenye waya inayodaka mtetemo wa nyuzi), inyanyue, tazama ukingo wa shimo kwa tochi. Ukiona tabaka za plaiwudi, na kidole kikaingia pembeni chini ya uso, ni gitaa la kipindi hicho. Lina sauti yake tamu kwa muziki wa taratibu. Ukipandisha amplifaya jukwaani, litapiga mluzi mapema kuliko gitaa la mbao tupu, kwa kuwa ule uwazi unatetemeka pamoja na spika.

Kuanzia katikati ya muongo huo kazi ikabadilika. Ibanez Artist yenye shingo ya kugundishwa, Iceman ya 1975, na GB10 aliyotengenezewa George Benson 1977 ni magitaa yanayosimama mbele ya lolote la Marekani la miaka hiyo. Pikapu za Super 70 zilitengenezwa na Nisshin Onpa, wale wenye jina la Maxon, na haohao ndio waliowatengenezea Ibanez ile pedali ya kijani, Tube Screamer. Fender, kampuni ya magitaa ya Marekani, walipofungua Fender Japan mwaka 1982 pamoja na Kanda Shokai na Yamano Gakki, kazi walipewa FujiGen. Squier, jina jingine la Fender, zenye namba inayoanza na JV (1982 hadi 1984) zinatafutwa kwa udi na uvumba, na zinastahili: shingo zake zimenyooka na mbao zake ni safi.

Matsumoku: shingo imara, vipuri adimu

Matsumoku walikuwa maseremala kabla ya kuwa mafundi wa magitaa. Kampuni ilianza 1951 na ilitengeneza makabati ya cherehani za Singer. Useremala huo unaonekana kwenye shingo zao za vipande vingi vilivyogundishwa ubavu kwa ubavu, mbao ngumu ya mepoli ikipishana na mbao nyeusi zaidi, mara nyingi zikipita mwilini moja kwa moja hadi mkiani. Shingo ya namna hiyo haipindi kirahisi, kwa sababu kila kipande kina mkondo wake wa nyuzinyuzi na kimoja humzuia mwenzake. Kwa anayekaa pwani, penye unyevu mwingi, hiyo ni faida ya kweli. Besi ya Aria Pro II SB-1000 ndiyo kazi yao maarufu zaidi, na hadi leo ni wachache wanaoweza kuipita kwa bei yake.

Udhaifu wao uko kwenye umeme. Walipenda saketi zenye betri, swichi nyingi na vitufe vya kuzungusha vyenye hatua kadhaa. SB-1000 ina kimoja cha hatua sita. Kikiharibika hupati kingine dukani, na fundi atalazimika kuking’oa na kuweka waya wa kawaida. Kabla ya kununua zungusha kila hatua gitaa likiwa limewashwa. Mkwaruzo wa sauti hutibika kwa dawa ya kusafishia swichi za umeme. Hatua isiyotoa sauti kabisa ni jambo lingine, nayo ipunguze bei.

Epiphone za Kijapani zilianza 1970, nyingi zikitoka hapa. Zile za mwanzo, hata baadhi ya zenye mwili wa uwazi kama EA-250, zina shingo ya skrubu. Ndani ya tundu utaona karatasi ya buluu iliyoandikwa “Epiphone of Kalamazoo, Michigan”, na wapo wauzaji wanaoionyesha karatasi hiyo kama ushahidi kuwa gitaa ni la Marekani. Soma mstari wa chini: Made in Japan. Kalamazoo ilikuwa anwani ya Gibson, mwenye jina.

Kiwanda kilifungwa 1987. Sababu si ubora. Baada ya makubaliano ya Plaza ya Septemba 1985, yen ilipanda kutoka karibu 240 kwa dola hadi chini ya 130 kabla ya 1987 kwisha. Gitaa lilelile likawa ghali karibu mara mbili kwa mnunuzi wa Marekani, na oda za bei ya kati zikahamia Korea Kusini. Ndiyo maana Westone au Vantage ya 1984 na ile ya 1989 si ndugu, hata kama nembo ni moja.

Tokai na Greco: mahasimu wa kweli

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu zote mbili zinalenga Les Paul ya Gibson na Stratocaster ya Fender za miaka ya 1950 na zote mbili ni nzuri. Tokai Gakki ilianzishwa 1947 na kujulikana kwanza kwa vinanda vya mdomo. Mwaka 1978 wakatoa Les Paul Reborn, ambayo baadaye ikawa Love Rock, na kando yake Springy Sound kwa umbo la Stratocaster. Greco, kwa mikono ya FujiGen, wakajibu kwa Super Real kuanzia 1979.

Bahati nzuri wote wawili waliandika bei kwenye jina la modeli. Tokai LS60 ilikuwa yen 60,000; zidisha namba kwa 1,000. Greco EG500 ilikuwa yen 50,000; zidisha kwa 100. Basi EG800 ya 1980 ilinganishe na LS80 ya 1980, usiilinganishe na LS50, na wala usiilinganishe na EG800 ya 1976, kwa sababu bei zilikuwa zinapanda na yen 80,000 za 1976 zilinunua kitu kingine.

Katika daraja la 50 na 60, tofauti na ya juu ni hizi: sehemu ya mbele huwa ya vipande vitatu au zaidi vilivyofichwa chini ya rangi nzito, au michirizi mizuri unayoiona ni utando mwembamba uliobandikwa, rangi ni polyester nene, vitufe vya sauti ni vidogo. Sauti bado ni nzuri, na kwa mpigaji wa bendi hili ndilo daraja lenye faida kubwa kwa kila shilingi. Katika daraja la 80 mbele ni vipande viwili vya mepoli halisi, na pikapu zinakuwa bora. Kuanzia 100 kwenda juu unalipia rangi nyembamba ya nitroselulosi, mbao zilizochaguliwa moja moja na uungaji wa shingo unaoingia ndani zaidi. Rangi hiyo ya nitro hupendwa kwa sababu zake, lakini kwenye joto hulainika na kunata kwenye stendi za mpira. Anayeweka gitaa sebuleni Mombasa au Dar es Salaam avishe stendi kitambaa cha pamba.

Kati ya mahasimu hawa, Tokai huwa na shingo nene kidogo na sauti kavu yenye makali. Greco ya Super Real ina freti (vile vijiti vya chuma vinavyovuka shingo) zilizomalizwa vizuri zaidi pembeni. Greco za kabla ya 1979 ni za kuangalia kwa makini: nyingi zina mwili uliopangwa tabaka juu ya tabaka, mstari mwembamba ukionekana ubavuni kuzunguka gitaa zima. Haziharibiki kwa hilo, ila hazipaswi kuuzwa kwa bei ya Super Real.

Yamaha: kama hutaki nakala

Nippon Gakki, iliyogeuza jina kuwa Yamaha mwaka 1987, inatokana na kinanda alichotengeneza Torakusu Yamaha mwaka 1887, miaka 100 kamili nyuma. SG2000 ya 1976 haikuiga mtu. Shingo inapita mwilini, mabawa ni mahogani, juu ni mepoli, na chini ya daraja (hapa ni kile kipande kinachobeba nyuzi mwilini, si daraja la bei) kumezikwa bamba la shaba nyeupe ili noti idumu. Carlos Santana aliipiga miaka hiyo ya mwisho ya 1970, na noti zake ndefu ndizo tangazo lake. SG1000 ina shingo ya kugundishwa na haina bamba. Kwa wengi ni chaguo la busara zaidi, kwa sababu SG2000 mara nyingi hupita kilo 4, na mpigaji wa dansi anayesimama kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri atalihisi begani.

Kwa gitaa kavu, lisilo la umeme, FG180 na FG150 za 1966 zenye karatasi nyekundu ndani ndizo zinazosifiwa. Country Joe McDonald alipanda jukwaa la Woodstock 1969 na FG150. Uso wake ni plaiwudi, jambo linaloifanya ivumilie ukavu na unyevu bila kupasuka. Tatizo ni pembe ya shingo, ambayo hunyanyuka kwa miaka. Pima urefu wa uzi mnene juu ya freti ya 12. Milimita 2.5 hadi 3 ni sawa. Ikizidi 3.5 na kile kipande cheupe cha kwenye daraja kimeshasuguliwa kikabaki kidogo tu, shingo inahitaji kung’olewa na kugundishwa upya, kazi ambayo mara nyingi hugharimu kuliko gitaa lenyewe. Liache.

Kusoma namba

FujiGen, kwa Ibanez na Greco kuanzia 1975: herufi ni mwezi (A ni Januari, L ni Desemba), tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka, nne za mwisho ni namba ya gitaa. D791234 ni Aprili 1979. Mtego upo kwenye herufi F. Kuanzia 1987 Ibanez walitumia F kumaanisha FujiGen, ikifuatwa na tarakimu moja ya mwaka. Namba F782345 yaweza kuwa Juni 1978, na yaweza kuwa gitaa la 82345 la mwaka 1987. Modeli ndiyo itakayoamua: RG, modeli ya Ibanez, ilianza 1987, hivyo RG yenye namba hiyo haiwezi kuwa ya 1978.

Tokai ya umbo la Les Paul au Stratocaster ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 huwa na tarakimu ya kwanza kama mwaka: 0 ni 1980, 1 ni 1981. Matsumoku hutumia tarakimu ya kwanza au mbili za kwanza kwa mwaka, ila si kila mteja wao aliutaka mfumo huo. Bamba la nyuma lililoandikwa “Steel Adjustable Neck” ni dalili ya Japani ya miaka ya 1970, halithibitishi kiwanda. Yamaha walibadilisha mifumo mara kadhaa, kwa hiyo tazama modeli na karatasi kabla ya namba.

Kulikagua mkononi

Beba mita ya umeme na fila geji ya fundi gari, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Chomeka waya kwenye gitaa, fungua sauti yote, weka mita kwenye kilo-omu, gusa ncha na shina la jeki ya upande wa pili. Pikapu ya koili mbili ya miaka hii husoma 7 hadi 9. Ukisoma takriban 4, ama swichi ya kugawa koili imewashwa ama koili moja imekufa. Igeuze swichi, pima tena. Mita ikikaa bila kusoma kitu, geuza kwanza swichi ya kuchagua pikapu na vuta waya wa jeki, kwa sababu waya uliochomoka ni kazi ya dakika tano, na pikapu iliyokatika ndani ni kazi ya kusuka upya.

Kisha bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, upime nafasi juu ya freti ya saba. Milimita 0.2 hadi 0.3 inatosha. Ikizidi, zungusha trasirodi, ule mshipi wa chuma ulio ndani ya shingo, robo duara tu, subiri, upime tena. Kwa Ibanez nati yake ni boksi spana namba 7. Nati isiyosogea kabisa, au inayozunguka bure, ni sababu tosha ya kuondoka.

Vipuri ndipo wengi hushangaa. Matundu ya vitufe vya sauti kwenye magitaa haya ni ya milimita 7 au 8, na vitufe vya Kimarekani vinahitaji 9.5, utalazimika kutanua kwa riima, taratibu, kutoka upande wa mbele ili rangi isibanduke. Daraja la Stratocaster la Kimarekani la mtindo wa zamani huachanisha nyuzi milimita 11.3 moja hadi nyingine, ya Kijapani mara nyingi 10.5 au 10.8, kwa hiyo skrubu zake sita hazitakaa kwenye matundu. Agiza vipuri vya vipimo vya Kijapani tangu mwanzo.

Nani achukue lipi

Mpigaji wa solo wa rumba na dansi, anayetaka sauti safi inayong’aa juu ya besi na ngoma: Squier JV, au Tokai Springy Sound ST50 na ST60. Mpigaji wa kanisani anayepiga kila kitu na gitaa moja: Ibanez Artist ya 1977 hadi 1982. Mpiga besi: Matsumoku, Aria SB au Westone Thunder, mradi saketi iwe nzima. Anayetaka Les Paul na fedha zake ni za wastani: Greco EG500 au Tokai LS50 ya 1980 hadi 1982, ile ambayo freti zake zimelika kidogo zaidi kati ya mbili unazoonyeshwa, kwa kuwa kubadilisha freti zote kutakula sehemu kubwa ya ulichookoa. SG2000 ni ya mtu mwenye bega na studio.

Ukinunua kwa mtandao kutoka Japani, omba picha tano: nyuma ya kichwa, namba kwa karibu, ubavu wa mwili, freti zikimulikwa kutoka pembeni, na shimo la pikapu ya shingoni ikiwa imenyanyuliwa. Mwambie muuzaji alegeze nyuzi noti mbili na ajaze karatasi laini chini ya kichwa ndani ya boksi, maana magitaa yenye kichwa kilicholala nyuma huvunjika hapohapo boksi linapoangushwa. Muuzaji akitaja rozwudi ya Brazili, ukoo mmoja na mpingo wetu, kumbuka mti huo umo katika kiambatisho cha kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 1992, na bila kibali gitaa linaweza kuzuiwa forodhani.